Mji Haujengwi kwa Jiwe Moja

Leo nataka tusemezane juu ya neno moja nililolisikia sokoni Maganzo, neno ambalo sisi sote wa Songwa na vijiji vya jirani tumelisema mara nyingi bila kulifikiri. Mzee mmoja alikuwa ameketi barazani mwa duka, akitazama barabara, akasema: "Mgodi ukiwa mzima, mji ni mzima, mgodi ukiugua, mji hufa." Waliokuwapo wakaitika kama watu waitikiavyo methali ya kale. Mimi sikuitika. Namheshimu mzee yule kwa mvi zake, wala sikutaka kubishana naye mbele ya watu. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza: Ikiwa neno hili ni la kweli, basi sisi tu kupe juu ya ngozi ya ng'ombe, na siku atakapochinjwa ng'ombe, kupe naye amekwisha.

Neno la mzee ni kweli kwa leo, maana sisi wenyewe tumelifanya kuwa kweli. Miaka mingi tumeufikiri mji kuwa ni kitu kinachotolewa na tajiri mmoja, kama vile mvua itolewavyo na wingu moja. Nataka kuwaonyesha kwamba mji haujengwi hivyo, na kwamba tusipobadili fikira zetu mapema, watoto wetu watarithi mashimo.

Kwanza tukumbuke jinsi mambo yalivyoanza. Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi hapa Mwadui. Mwamba wenyewe umetandaa zaidi ya ekari 350, nao ni mmoja wa miamba mikubwa ya almasi iliyopata kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5, yaani gramu 11 hivi. Akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Ilipokwisha kukatwa na kung'arishwa huko London, ikabaki karati 23.6.

Habari hii watu huisimulia kwa fahari, hata mashuleni. Lakini iangalieni vizuri. Jiwe lilitoka katika udongo wetu, na mikono ya watu wa huku ilichimba udongo huo. Ustadi wa kulikata ulikuwa London, na kazi ilipokwisha, ustadi ule ulibaki London. Jiwe huchimbwa mara moja tu. Mtu ajuaye kukata, kesho atakata jiwe jingine, liwe limetoka Mwadui au penginepo. Naye atamfundisha mwanawe, na mtaa wake utakuwa na kazi hata kama hauna jiwe moja chini ya ardhi yake. Nasi tulio na mawe chini ya ardhi, tumebaki kuhesabu mawe yaliyokwenda. Hata nchi yetu ilipojaribu kukata almasi yenyewe, kiwanda cha Tancut kiliwekwa Iringa, mbali sana na hapa, nacho baadaye kikafungwa.

Mwadui ukawa mji. Una nyumba, hospitali, shule, karakana, umeme na uwanja wa ndege. Lakini ukawa mji ndani ya uzio. Nje ya lango ukakua mji mwingine, Maganzo, kando ya barabara iendayo Mwanza: maduka, migahawa, nyumba za wageni, na madalali wa mawe. Tangu mwaka 1940 imepita miaka zaidi ya 80. Nawauliza ninyi mlio wazee na mnaojua mambo: katika miaka hiyo yote, ni ufundi gani uliovuka lango lile ukaja kukaa kwetu? Mshahara ulivuka, nao ukaliwa. Wapo mafundi hodari waliojifunza kazi ndani, na baadhi yao wamefungua karakana ndogo, nawasifu. Lakini wahesabuni. Vidole vya mikono miwili vyatosha, na pengine vitabaki.

Sasa tuone mji ulioegemea lango unavyopata shida. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, bei ya almasi ilianguka, na mgodi ukasimamishwa mpaka mwaka uliofuata. Ulipoanza tena watu walishangilia, wakadhani taabu imekwisha. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la matope la mgodi likapasuka, matope yakafunika mashamba na makazi ya vijiji vya jirani, na kazi ikasimama mpaka Julai 2023. Basi kwa muda wa miaka mitatu hivi lango lilifungwa mara mbili. Mara ya kwanza sababu ilitoka kwa wanunuzi walio ng'ambo, ambao hawajui hata jina la Songwa. Mara ya pili sababu ilitoka hapa hapa. Mara zote mbili mwenye duka wa Maganzo, mama muuza chakula, na kijana mwenye pikipiki walikuwa hawana la kufanya ila kungoja.

Tena kuna jambo jipya. Siku hizi almasi hutengenezwa viwandani, hasa China na India. Si kioo, ni almasi kweli, na jicho la kawaida haliwezi kuitofautisha na ile ya ardhini. Imekuwa nyingi, nayo imeshusha bei sokoni. Mtu wa maabara huko mbali amepata maarifa, na maarifa yake yamegusa sufuria ya mama wa Maganzo. Je, mwaonaje? Hapo ndipo maarifa na jiwe vilipopigana, na jiwe likashindwa.

Msidhani kwamba nawasema watu wa almasi peke yao. Twendeni Geita, kwenye dhahabu. Huko mchimbaji mdogo hushuka katika duara kwa kamba, akapandisha mawe kwa jasho na kwa hatari. Mawe husagwa kwa karasha, mashine ambayo mara nyingi imeundwa na mafundi wetu wenyewe kwa vyuma chakavu, na huu ni ubunifu wa kusifiwa. Kisha unga huoshwa mwaloni, zebaki hutiwa ili ishike dhahabu, na mwisho zebaki huchomwa motoni, moshi wake ukaingia kifuani mwa mchomaji na mwa watoto waliosimama karibu. Kazi yote hiyo, na sumu yote hiyo. Lakini waliopima wameona kwamba kwa njia hii mchimbaji mara nyingi hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Dhahabu nyingine hubaki katika mchanga, ule tuuitao marudio. Marudio hayo mara nyingi huwa mali ya mwenye karasha, au huuzwa kwa bei ndogo kwa mtu mwenye mtambo wa sayanidi, naye huitoa dhahabu iliyobaki.

Lifikirini jambo hili. Aliyeshuka shimoni hupata sehemu ndogo. Aliyekaa juu mwenye maarifa na mtambo hupata sehemu kubwa, katika mchanga ule ule. Mchimbaji hakuibiwa kwa upanga. Amezidiwa kwa elimu na kwa mtaji. Nami nasema kwamba umaskini wa miji yetu ya machimbo umekaa hapo: si upungufu wa mali, bali maarifa na mitambo kuwa mikononi mwa wachache, na wengi kubaki na nguvu za mikono tu.

Serikali imefanya mambo mema, na haki ni kuyataja. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 katika dhahabu wanayouza, na mwezi wa Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita, ili mchimbaji apime na kuuza mahali pa wazi badala ya kuuza gizani. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Shirika la madini la taifa, STAMICO, limejenga vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi, ili wadogo wajifunze kutoa dhahabu kwa njia bora. Hayo ni mambo ya maana kuliko minara na mapambo, maana yanampa mtu mdogo mizani ya haki na maarifa ya kazi. Lakini vituo vitatu kwa nchi nzima ni kama visima vitatu kwa Usukuma yote. Tuseme asante, kisha tuombe zaidi.

Sasa tutazame Kahama, maana hapo pana fundisho karibu nasi. Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa mgodi ulipofunguliwa alikuwa hajamaliza shule ya msingi ulipofungwa. Kwa neno la yule mzee wa Maganzo, mji wa Kahama ulipaswa kufa. Haukufa, bali mwaka huo huo ulipandishwa kuwa manispaa. Kwa nini? Kwa sababu mji ule ulikuwa na miguu mingi. Uko kwenye njia ya magari yaendayo Rwanda na Burundi. Una mpunga na mashine za kuukoboa. Una maseremala, wachomea vyuma na wafanya biashara. Tena halmashauri ilitenga eneo la Zongomela kwa ajili ya viwanda vidogo, ili fundi awe na mahali pa kufanyia kazi bila kufukuzwa kando ya barabara kila siku. Mgodi ulikuwa mguu mmoja. Ulipokatika, mji ulichechemea, lakini haukuanguka.

Na eneo la mgodi wenyewe Serikali imelifanya kuwa eneo maalum la uchumi, ili majengo na umeme na uwanja wa ndege vilivyoachwa vitumiwe na wenye viwanda. Nalisifu shauri hili. Mahali pengi duniani mgodi ukifungwa hubaki shimo lenye maji na mabati yenye kutu. Lakini hapa ndipo nataka kutoa neno la onyo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Je, uzio utabaki? Maana inawezekana kabisa kuondoa kibao cha mgodi na kutundika kibao cha kiwanda, na lango likawa lile lile, na walinzi wale wale, na mji wa nje ukabaki kuuza chai na maandazi kwa watu wa ndani. Mitambo ni mipya, majina ni mapya, maneno ni mazuri, na kijana wa kijiji amesimama pale pale babaye aliposimama, akingoja jina lake liitwe kwa kazi ya siku moja. Huo si ufufuo wa mji. Ni kaburi lililopakwa chokaa upya.

Wengine wamelifanyaje jambo hili? Huko Ujerumani, katika bonde la Ruhr, watu waliishi kwa makaa ya mawe kwa vizazi vingi. Walipoona kwamba makaa yanakwisha faida, hawakungoja siku ya mwisho. Chuo Kikuu cha Bochum kilifunguliwa mwaka 1965, na cha Dortmund kilianzishwa mwaka 1968, katika nchi ya wachimbaji ambayo zamani haikuwa na vyuo vya namna hiyo. Mgodi wa mwisho wa makaa ulifungwa mwaka 2018. Hesabuni: walianza kuandaa watoto wao miaka 50 kabla. Hawakuokoka na taabu, na mpaka leo ipo miji ya huko yenye watu wengi wasio na kazi; lakini walikuwa na kitu cha kushika.

Karibu nasi zaidi, Botswana, nchi yenye almasi nyingi kuliko sisi, ilikataa kuuza mawe tu. Kwa mapatano ya mwaka 2011, kampuni kubwa ya De Beers ilihamisha mauzo yake kutoka London mpaka Gaborone mwaka 2013, na viwanda vya kukata vikafunguliwa huko, na vijana wa Botswana wakajifunza kuchambua na kukata. Hayo ndiyo tuliyopaswa kuyadai zamani. Hata hivyo Botswana nayo sasa inaumia kwa sababu bei ya almasi imeshuka. Basi fundisho lake ni la pande mbili: dai ustadi, lakini usiufunge ustadi wote kwa jiwe moja.

Najua nitajibiwa. Mtu wa kwanza atasema: "Mwalimu, kampuni ndiyo yenye fedha, na itujengee." Namjibu kwamba kampuni inapaswa kutoa, na sheria yasema hivyo. Tangu mwaka 2017 sheria ya madini yautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii, nao ukubaliwe na halmashauri. Tena iko ushuru wa huduma, sehemu ya mapato, uendao kwa halmashauri. Na kanuni za mwaka 2018 zataka mgodi upendelee bidhaa na huduma za Watanzania. Sheria tunazo. Shida ni kwamba tukiitwa mkutanoni kusema tutakalo, twasema: tupakieni rangi darasa, tupeni madawati, tupeni bati. Sikatai madawati, mimi ni mwalimu, nayahitaji. Lakini dawati halimpi mtoto kazi lango likifungwa. Tumeomba vitu vinavyochakaa, tukasahau kuomba kitu kisichochakaa.

Mtu wa pili atasema: "Sisi tu wakulima wa pamba na mtama, mambo ya mji yanatuhusu nini?" Ndugu yangu, pamba yako inauzwa wapi? Jembe lako linatengenezwa na nani likivunjika mpini? Mwanao aliyemaliza shule jana amekwenda wapi leo? Kijiji na mji ni mtungi na kata: kimoja kikitoboka, nyumba nzima ina kiu. Mji usiokuwa na mafundi hununua ng'ombe wako kwa bei ndogo na kukuuzia ngozi yake imekuwa kiatu kwa bei kubwa.

Mtu wa tatu atasema: "Maskini hawezi kumiliki mitambo, hiyo ni kazi ya matajiri." Huyu amesahau habari za baba zake mwenyewe. Kabla ya uhuru, wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakukaa wakilia. Waliweka watu wao wenyewe waangalie mizani, wakaunda vyama vidogo vidogo vya ununuzi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria, likiongozwa na Bwana Paul Bomani. Shirikisho lile likamiliki viwanda vya kuchambulia pamba, mali ya watu ambao wengi wao walikuwa na ekari chache na jembe la mkono. Ubunifu wao wa kwanza haukuwa mtambo. Ulikuwa kujua kusoma mizani, na kuaminiana. Mitambo ilikuja baadaye. Ni kweli, vyama vile baadaye viliingiwa na upotevu wa fedha na wakubwa wasiosikia wadogo, na mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Hilo latufundisha kwamba chama bila hesabu za wazi ni kikapu kilichotoboka. Lakini asiseme mtu kwamba maskini hawawezi. Waliweza, na viwanda vilisimama machoni pa watu wote.

Basi nasema tuombe nini? Nitataja mambo matatu, nayo si ndoto.

Kwanza, mafunzo ndani ya lango. Kila mwaka mgodi uchukue idadi iliyoandikwa ya vijana wa vijiji vinavyouzunguka, wavulana kwa wasichana, wakae karakanani chini ya mafundi wake, wajifunze kuchomea, umeme, pampu, magari na upimaji, pamoja na chuo cha ufundi cha VETA kilichoko Shinyanga, ili watoke na cheti kinachokubaliwa mahali popote. Idadi hiyo ibandikwe ofisini mwa kijiji, na majina yasomwe hadharani, maana jambo lisilosomwa hadharani huwa la mjomba na mpwa.

Pili, kazi kwa karakana za nje. Zabuni ya mgodi mara nyingi ni kubwa mno kwa fundi wa Maganzo, hata akijua kazi. Igawanywe. Magari ni mengi, lakini kiti cha gari chaweza kushonwa na fundi mmoja. Sare za wafanyakazi ni mamia, lakini zaweza kushonwa na kikundi cha wanawake wenye cherehani kumi. Mboga na mayai ya wafanyakazi yaweza kutoka bustani zetu. Na malipo yasikawie miezi, kwa sababu mtaji wa mtu mdogo ni mdogo, hauwezi kungoja.

Tatu, mahali. Mji mdogo wa Maganzo utenge eneo la mafundi lenye umeme na maji, na kila mwenye kibanda apewe karatasi ya haki yake, ili aweze kukopa na ili asivunjiwe. Zongomela ni mfano, tukauone. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Na tulialike lije lifundishe kukamua mafuta ya alizeti, kusindika ngozi, kutengeneza zana za jembe la ng'ombe. Hayo hayategemei almasi. Siku lango litakapofungwa mara ya tatu, alizeti itakuwa bado inachanua.

Nimewasema wakubwa, sasa niseme juu yetu wenyewe, maana haifai kunyosha kidole kwa jirani na kufumba macho nyumbani. Sisi wazazi twawaona watoto wa darasa la tano wakienda kuchekecha mchanga badala ya kwenda shule, nasi twanyamaza kwa sababu jioni wameleta shilingi elfu mbili. Twawaona vijana wetu wakiwa wabeshi, wakiingia usiku katika uzio kutafuta mawe. Twajua jinsi mambo hayo yanavyokwisha. Mwaka 2021 kampuni ya Uingereza iliyokuwa na sehemu kubwa ya mgodi ilikubali kutoa pauni milioni 4.3, pamoja na gharama za mawakili na miradi ya jamii, kumaliza madai ya watu 71 waliosema waliumizwa na walinzi, bila kampuni kukiri kosa. Fedha hizo hazirudishi mguu uliovunjika. Kijana apitaye chini ya uzio usiku ni yule yule ambaye angepita langoni mchana kama angekuwa na cheti mfukoni. Nilimfundisha mmoja wao. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Aliacha shule kwa ajili ya jiwe moja alilosikia kwamba mtu fulani amelipata. Jiwe lake hakuliona mpaka leo, na sasa hubeba matofali ya watu.

Hili jiwe moja ndilo adui. Kila mmoja wetu analo kichwani: siku moja nitaokota, siku moja watanijengea, siku moja mgodi utarudi kama zamani. Wakati tunangoja siku hiyo, vikundi vya kuweka akiba vinakufa kwa sababu wanachama hawaleti hisa, na vijana wa basumba, waliokuwa wakilima mashamba ya kijiji pamoja kwa ngoma na umoja, siku hizi hawaitwi tena ila kwa harusi. Lakini nguvu ile ile yaweza kujenga karakana. Watu ishirini wakiweka shilingi elfu tano kila wiki, kwa mwaka mmoja wana zaidi ya shilingi milioni tano. Hiyo yatosha mashine ya kuchomea na cherehani kadhaa. Almasi ya kuwapa watu ishirini kazi kwa miaka kumi, ni nani kati yenu aliyepata kuiokota?

Naambiwa kwamba mkutano wa kijiji utaitishwa tena baada ya mavuno. Nawasihi, msije na orodha ya bati na rangi. Njoni na swali moja, na mlishike mpaka lijibiwe: mwaka huu, ni vijana wangapi wa hapa watakaojifunza kazi, na majina yao ni nani? Mkijibiwa kwa maneno matamu bila hesabu, ulizeni tena. Na yule mzee wa Maganzo awepo, akae mbele. Nataka asikie majina ya wajukuu zake yakisomwa, ili siku nyingine akiulizwa habari za mji, asitazame lango la mgodi, bali atazame mtaa wa mafundi.

Mwenye neno la kunipinga na aandike. Nitalisoma kwa heshima. Lakini kwanza aniambie ni jiwe gani analongoja.